Maazimio Yasiyo na Mwenyewe

Ofisi za Mwanza hazina njaa ya mawazo. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya minofu ya samaki, na kwa sababu ya kazi hiyo nimealikwa kwenye vikao vya mabenki, vya kampuni za simu, vya halmashauri na vya mashirika yanayoshughulika na ziwa. Sijawahi kutoka kikaoni nikasema leo mawazo yalikosekana. Yanatolewa kwa ufasaha, yanaandikwa kwa makapeni kwenye karatasi kubwa za ukutani, yanapigiwa makofi, yanaingia kwenye muhtasari, mwenyekiti na katibu wanasaini. Mwaka ukizunguka tunakaa tena, pengine kwenye hoteli ileile ya Capri Point, na wazo lilelile linatolewa na mtu mwingine kana kwamba limezaliwa asubuhi hiyo. Makofi yanapigwa upya.

Jambo hili linaniuma. Nimewaona vijana wenye vipaji wakiingia kazini na moto, wakatoa mawazo yao, wakajibiwa "tutalifanyia kazi", na baada ya miaka miwili mitatu wakajifunza kwamba kinacholipa ni kuongea vizuri mbele ya wakubwa. Na nimewaona wengine, wengi wao wa vyeo vya chini, wakihangaika kuyageuza maneno ya wakubwa yawe kitu kinachoonekana kwa macho, bila majina yao kutajwa popote.

Ninaamini kwamba wazo likiwa bado mdomoni halijafika hata nusu. Sehemu yake kubwa, ile inayotaka akili kwelikweli, bado haijafikiriwa. Itafikiriwa na atakayelitekeleza, akiwa amesimama pale mambo yanapokataa. Tukisema "fulani alibuni, fulani akatekeleza" tunakata kitu kimoja vipande viwili, halafu heshima tunampa aliyefanya kipande chepesi.

Nitaeleza kwa habari ya barafu.

Sangara wanaoingia viwandani Mwanza hawavuliwi mbele ya kiwanda. Wengi wanatoka mbali: Ukerewe, Ukara, Kome, Goziba, na visiwa vidogo ambavyo ramani nyingi hazivitaji. Mvuvi anainua nyavu alfajiri, anamuuzia wakala kisiwani, wakala anakusanya mpaka apate mzigo, boti inaelekea mjini. Samaki huanza kuharibika tangu anapokufa, na kwa joto la huku kwetu kipimo kinachofundishwa ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu isipotosha, samaki anafika amelegea, jicho limezama, matamvua yamepoteza wekundu. Huyo hawezi kusafirishwa kwenda Ulaya. Anaishia soko la karibu kwa bei ya kutupa.

Kwenye kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi wakati huo, kila mtu alilijua hilo. Azimio la "kuongeza barafu kwenye boti za kukusanya samaki" lilikuwemo kwenye mihtasari mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyelipinga, na hakuna aliyelipigania. Samaki waliokataliwa mapokezini walibaki kiasi kilekile.

Aliyelimaliza alikuwa mzee wa stoo ya barafu. Cheo chake hakikumpa kiti kwenye kikao cha menejimenti. Meneja mpya wa uzalishaji alimwita akamwambia, "Mzee wangu, suala hili sasa ni lako. Ukikwama njoo kwangu moja kwa moja." Hakupewa semina wala andiko. Alichofanya kwanza ni kwenda mwaloni, pale boti za samaki zinapofikia, usiku na kukaa na manahodha.

Huko ndiko alikoyakuta mambo ambayo sisi wenye viti hatukuyajua. Boti zilikuwa zinaondoka saa nane usiku ili zifike visiwani wavuvi wanapotoka majini. Stoo yetu ilikuwa inafungwa saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo barafu ilipakiwa jioni na kukaa gatini ikiyeyuka mpaka usiku wa manane. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa walinzi, na walinzi walikuwa chini ya idara nyingine ambayo haikuwa na habari na samaki. Makasha mengi ya kuhifadhia barafu yalikuwa yamepasuka, na povu lililoko kati ya kuta zake lilikuwa limenyonya maji, hivyo hayakuzuia tena joto. Baadhi ya mabaharia walikuwa wanauza barafu njiani, kwa sababu hakuna aliyewauliza imekwenda wapi. Na kubwa kuliko yote, wakala aliyeleta samaki wa baridi na yule aliyeleta samaki wa vuguvugu walilipwa bei moja. Kwa nini basi mtu ahangaike?

Mzee alianza na ufunguo. Lilikuwa jambo la kusikitisha kwa udogo wake, na bado lilihitaji barua kati ya wakuu wawili wa idara. Kisha akapanga saa za kutoa barafu zifuate safari za boti. Akayatenga makasha mabovu. Ndani ya yaliyobaki akapiga mstari wa rangi, kwamba barafu ikiwa chini ya hapa boti haiondoki. Tena mstari huo aliupiga pamoja na manahodha wenyewe, wakibishana naye hadi wakakubaliana mahali pa kuuweka, na kwa kuwa walishiriki kuuweka hawakuukwepa baadaye.

Kilichomsumbua zaidi ni bei. Alitaka samaki apimwe joto kwa kipimajoto kinachochomwa ndani ya nyama, na wakala mwenye samaki wa baridi alipwe zaidi kidogo. Uhasibu walikataa. Nilikuwepo siku moja alipoingia kwa yule kijana wa malipo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja tena kwa habari ya ile fomu."

"Mzee wangu, nilishakueleza. Mfumo hauruhusu bei mbili kwa samaki wa aina moja."

"Sawa. Naomba unionyeshe anayeuruhusu, nikamsalimie."

Alikwenda kumsalimia. Akarudi. Akaenda tena. Hakugombana na mtu, hakumsema mtu kikaoni, lakini hakuacha kwenda. Mwishowe fomu ya mapokezi ikaongezwa safu moja pembeni, ya joto la samaki, na mfumo wa malipo ukaisoma safu hiyo. Mawakala walipoona fedha zimetofautiana, wakaanza wenyewe kuwafokea mabaharia waliochezea barafu.

Kuna jambo moja hapa sitaki lipite harakaharaka. Samaki walioharibika walipungua kwa namna ambayo kila aliyekuwa mapokezini aliiona, lakini barafu iliyokuwa inatoka stoo haikuongezeka kwa kiasi cha maana. Ilikuwa ni ileile, ila sasa ilimfikia samaki. Azimio letu la miaka yote, "kuongeza barafu", lilikuwa limekosea tatizo lenyewe. Wataalamu wote tuliokuwa mezani hatukulijua hilo, na tusingelijua hata tungekaa kikao kingine cha siku tatu na chai ya saa nne. Lilijulikana kwa sababu mtu mmoja alikwenda mwaloni usiku akaanza kufanya.

Kwenye hafla ya mwisho wa mwaka, cheti cha ubunifu alipewa mkuu wa idara ambaye jina lake lilikuwa kwenye muhtasari kama mtoa hoja. Mzee alipiga makofi pamoja na wengine. Mimi sikuona haya kusema siku ile, na sioni haya kusema leo, kwamba ile ilikuwa dhuluma. Kampuni inayofanya hivyo inawafundisha watu wake wote mahali pa kupeleka nguvu zao, na wao wanaelewa vizuri sana.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini ofisi zetu zinapenda sana mawazo. Sababu moja ni heshima, ambayo kwingine ni jambo jema. Bosi akitoa wazo, hakuna wa kumwambia "hili halitawezekana mpaka kwanza tufanye vile". Tunasema "naam, bosi", tunaandika, na tunajua kimoyomoyo kwamba litakufa. "Lipo kwenye mchakato" ni njia ya adabu ya kulizika bila kumuudhi mwenye nalo. Basi hakuna wazo linalokataliwa, na kwa kuwa hakuna linalokataliwa, orodha ya maazimio inakuwa ndefu kiasi kwamba hakuna linaloweza kufanyika. Nyerere alisema kupanga ni kuchagua. Sisi tunapanga bila kuchagua, halafu mambo yakikwama tunajifariji kwa kusema mipango si matumizi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini tumeifanya mto wa kulalia.

Sababu nyingine inaihusu Mwanza hasa. Kampuni nyingi hapa ni matawi, makao ya kanda. Mpango unaandikwa Dar es Salaam, unafika kwa baruapepe, na Kanda ya Ziwa inatakiwa kuutekeleza kama ulivyo: Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga. Aliyeuandika ana akili na ana shahada zake, sina ugomvi naye. Lakini anaweza kuandika kwamba ofisa mauzo atawatembelea mawakala wote wa visiwani kila wiki, kwa sababu kwenye ramani Ukerewe inaonekana iko hapo tu. Meli ya Nansio ina ratiba yake, na kutoka Nansio kwenda visiwa vya mbele ni mtumbwi wa injini, na upepo ukichafuka hakuna anayetoka. Ofisa akitaka kuilinda kazi yake anajaza fomu kwamba ametembelea. Mpango unafaulu kwenye karatasi, na makao makuu wanaandika mwingine kwa kutumia takwimu za fomu hizo. Makosa yanazaa makosa, na hakuna mtu aliyekusudia kudanganya tangu mwanzo.

Chukua huduma ya fedha kwa simu. Leo tunaiona ya kawaida mno, mtu ananunua dagaa Kirumba Mwaloni na kulipa kwa simu akiwa amesimama. Watu husema lilikuwa wazo la ajabu. Wazo lenyewe halikuwa la ajabu. Kule Ufilipino huduma ya GCash ilianza mwaka 2004, na sisi wenyewe hapa tulikuwa tunakwaruza vocha na kumsomea ndugu namba kwa simu ili aiuze apate fedha taslimu. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Kenya mwaka 2005, yalilenga kitu kingine: wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu warudishe mikopo yao kwa simu. Waliojaribu wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Timu ya Vodafone na Safaricom ingeweza kusema wateja wamekosea mpango. Waliwatazama, wakaacha mpango waliokuja nao, na Machi 2007 wakaizindua kama huduma ya kutuma fedha nyumbani. Tena hapo, jaribio ndilo lililowaonyesha wazo lenyewe ni lipi.

Vodacom waliileta Tanzania mwaka 2008. Wazo lilelile, jina lilelile, na jirani alikuwa ameshaonyesha kwamba inawezekana. Hata hivyo kwetu ilikwenda polepole mwanzoni kuliko Kenya. Kazi iliyobaki ilikuwa ile isiyo na utukufu: kumpata wakala, kumfundisha, kuhakikisha ana fedha taslimu na ana floti, yaani salio la kwenye simu la kuwahudumia wateja, na kumlipa kamisheni inayomfanya asifunge kibanda. Nchi yetu ni pana, na kazi hiyo haina njia ya mkato.

Visiwani ina ugumu wake wa ziada. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo wanavuliwa usiku wa giza. Giza likiwepo, wavuvi wanauza, wanashika fedha, wanataka kuweka, na wakala anaishiwa floti. Mbalamwezi ikitoka, shughuli inasimama, watu wanakwenda kuona familia zao, kila mmoja anataka kutoa, na wakala anaishiwa noti. Wakala wa kisiwani anayejua kazi yake anafuata mwezi wa angani. Mpango wa mauzo unaotoka makao makuu unafuata mwisho wa mwezi wa mshahara. Ofisa wa kanda niliyewahi kufanya naye kazi aliligundua hili kwa kulala kisiwani, akawapangia mawakala wake ratiba ya kuongezewa floti na noti kulingana na giza na mbalamwezi, na malalamiko yakapungua. Hakulipeleka kama wazo jipya. Alilifanya, kisha akapeleka matokeo.

Naona niseme pia kuhusu daraja la Kigongo–Busisi, maana huwezi kuandika habari ya utekelezaji ukiwa Mwanza ukaliacha. Wanaosafiri kwenda Sengerema na Geita wanakumbuka foleni ya Kigongo, magari yakisubiri vivuko, mara nyingine saa mbili na zaidi, wagonjwa wakiwa ndani ya magari hayo. Kuwaza kwamba panafaa kuwa na daraja hakukuhitaji mtaalamu, kila aliyekaa kwenye foleni ile aliwaza hivyo. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais Magufuli Desemba 2019. Machi 2021 alifariki, kazi ikiwa bado mbali kukamilika. Juni 2025 Rais Samia alilifungua, kilomita 3 juu ya maji, na unavuka kwa dakika chache. Kwenye kampuni nimeona mradi unakufa kwa sababu tu meneja aliyeuanzisha amehamishiwa Arusha. Daraja hili aliyelianzisha alikufa na halikusimama. Lilikuwa na mkataba, lilikuwa na fungu la fedha linalojulikana, na lilikuwa na wasimamizi waliotakiwa kutoa hesabu. Tofauti hiyo tunaweza kuileta hata kwenye mradi wa kununua kipimajoto.

Serikali yenyewe iliwahi kulitambua tatizo hili waziwazi. Mwaka 2013, chini ya Rais Kikwete, ulianzishwa mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, kwa mfano uliotoka Malaysia, ukianza na sekta 6. Watendaji waliwekwa pamoja kwa wiki kadhaa kwenye kile kilichoitwa maabara, wakitakiwa kuushusha kila mpango kutoka juu angani mpaka futi 3 kutoka ardhini, pale inapojulikana nani anafanya nini. Awamu iliyofuata haikuendelea na ofisi iliyousimamia mpango ule, na yako mengi ya kujadiliwa juu yake. Lakini lile la futi 3 mimi nililichukua na bado ninalo.

Nililichukua kwa sababu sisi wa viwandani tulikuwa tumeshalijifunza kwa maumivu. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa ukanda wetu kwa hofu ya kipindupindu, na zuio likaendelea hadi katikati ya 1998. Mwaka 1999 wakazuia tena, safari hii kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Mji huu ulitikisika. Viwanda vilisimama, vibarua walirudishwa nyumbani, mwaloni samaki walishuka bei hadi wavuvi wakaona afadhali nyavu zikae pwani. Na kuvua kwa sumu kulikuwa kumeshapigwa marufuku. Usafi wa mialo ulikuwa umeshaandikwa. Tulikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kuthibitisha, kwa saini na tarehe, kwamba kimefanyika.

Soko lilifunguka kwa kazi ya kila siku: sampuli, maabara, wakaguzi kwenye mialo, na mfumo wa HACCP, wa kudhibiti hatari kwenye chakula, ndani ya viwanda. Wasioujua, HACCP ina kanuni 7. Unachambua hatari zilizopo. Unatafuta hatua ambazo lazima zidhibitiwe. Unaweka kikomo kwa kila hatua, kwa mfano joto ambalo samaki hapaswi kulipita. Unapanga nani atapima na mara ngapi. Unaamua mapema kitakachofanyika kikomo kikivukwa. Unahakiki kwamba mfumo wote unafanya kazi. Unatunza kumbukumbu. Hakuna sehemu inayosema "tutalifanyia kazi". Samaki akipita kikomo, mtu mwenye jina na zamu anajua la kufanya saa ileile, hana haja ya kusubiri kikao.

Nimeshangaa kwa miaka mingi jinsi watu walewale, tunaojua kumlinda sangara kwa nidhamu ya namna hii kutoka mwaloni hadi uwanja wa ndege, tunavyopanda ngazi kwenda ukumbi wa mikutano na kuyaacha maazimio yetu bila kikomo, bila mpimaji, bila kumbukumbu. Tunamtunza samaki kuliko tunavyotunza ahadi tulizopeana.

Wapo watakaonijibu kwamba utekelezaji wa wazo bovu ni hasara tupu, afadhali mtu afikiri vizuri kwanza. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu nimeona majengo ya kupokelea samaki yaliyojengwa kwa fedha nyingi pasipo na samaki. Hao walitekeleza kweli. Lakini ukiangalia vizuri utaona walitekeleza bila kujaribu. Walijenga lote kwa mkupuo, na mahali pa kurudi nyuma hapakuwepo. Mzee wa barafu alianza na boti chache. Wale wa M-Pesa walianza na wakopaji wachache. Ubovu wa wazo hauonekani mezani, kwa sababu mezani kila wazo linapendeza na projekta inalipamba. Unaonekana likiguswa, na likiguswa kidogo linauma kidogo.

Na ndiyo, anayebuni anastahili shukrani. Sitaki mtu asome hapa kwamba vijana wanyamaze. Ninachotaka ni kijana akitoa wazo aulizwe palepale, kwa upendo, maswali ya kumsaidia: wewe mwenyewe utaanzia wapi wiki hii? Utahitaji saini ya nani? Fungu lipi? Na kati ya yale tunayoyafanya sasa, tuache lipi ili hili lipate nafasi? Swali hilo la mwisho ndilo linalonyamazisha chumba kizima. Watu wa mapokezi, wa kuchuna, wa vyumba vya baridi tayari mikono yao imejaa. Kuwaongezea jambo bila kuwapunguzia jingine ni kuwaambia kwa lugha ya heshima kwamba hatuna nia. Akishapata majibu, apewe wazo hilo liwe lake, apewe na mkubwa mmoja wa kumfungulia milango, kama mzee alivyopewa. Likifaulu, jina litajwe la aliyelibeba mpaka mwisho.

Ninapofanya kazi sasa tumebadilisha mpangilio wa kikao. Hatuanzi na mapya. Tunaanza na yaliyoazimiwa, na anayeyatolea maelezo ni mwenye kazi mwenyewe, hata kama ni fundi wa zamu, aingie na magamba yake mikononi akae kitini. Wakubwa wengine hawakulipenda hili mwanzoni. Wamezoea.

Jumatano hii tuna matatu yaliyobaki. La kwanza ni mpira wa mlango wa chumba cha baridi, unaopitisha joto upande wa chini. Umeshapatikana, fundi wa zamu ya usiku ataubadilisha chumba kikiwa kitupu, na mwenye kumpa nafasi hiyo ni mpangaji wa uzalishaji. La pili ni mizani ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, ambayo boharia anasema inasoma pungufu. Mpimaji wa vipimo ameitwa, tunasubiri atuambie siku. La tatu ni mashine ya kupanga samaki kwa ukubwa. Limekaa kwenye orodha muda mrefu, hakuna aliyelichukua, na hesabu ya umeme wake hailipi kwa mzigo tunaopata sasa. Nitapendekeza lifutwe. Aliyelitoa nimeshakaa naye nikamweleza mapema, ili asiende kulisikia mbele ya watu.